Vifaranga wamekamilika, wakafia ndani ya ganda

Swali la msomaji wa Mishomoroni, Mombasa:

"Nimenunua mashine ya kuangulia ya mayai 48, ina feni na inageuza mayai yenyewe. Mayai mengine ni ya kuku wangu, mengine nimepewa na majirani. Nimeyakusanya siku kumi hivi, nikiyaweka kwenye trei juu ya kabati la jikoni. Nimefuata kitabu cha mashine: joto nyuzi 37.8, na maji kwenye mifereji yote miwili tangu siku ya kwanza, yasikauke. Siku ya 21 na ya 22 wakatoka vifaranga 8, tena wamelowa ute unaonata na matumbo yamewavimba. Mengine nimeyavunja: 11 hayana kitu, 3 yana duara la damu, na 26 yana kifaranga kamili na manyoya yake, amekufa. Aliyeniuzia asema ni stima, maana ilipotea usiku mara mbili. Jirani asema mayai yalikuwa viza. Mume wangu ataka mashine irudishwe. Nimsikilize nani? Na je, naweza kuchanganya mayai ya kuku na ya bata?"

Jibu:

Dada yangu, mashine usiirudishe, wala usiwalaumu majirani waliokupa mayai. Vifaranga wako 26 wamekufa maji, humo humo ndani ya ganda, na maji hayo ni yale uliyokuwa ukiyajaza kwenye mifereji. Umefuata kitabu neno kwa neno, na hapo ndipo penye shida: kitabu hicho hakikuandikiwa Mombasa.

Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, la kuvunja mayai yaliyobaki na kuyahesabu. Wengi hukasirika wakatupa trei nzima jaani, na sababu ikaenda nayo. Yai likivunjwa huonyesha kifaranga alikufa siku gani, na siku hiyo ndiyo inayotaja kilichomuua. Duara la damu ni kifo cha siku za mwanzo. Aghalabu yai limekaa mno kabla ya kuwekwa, au limetikiswa njiani, au joto liliyumba mashine ilipowashwa. Vifo vya katikati, tuseme kati ya siku ya 8 na ya 17, huwa vichache, na vikizidi mimi hutazama chakula cha kuku wazazi na usafi wa mashine. Wewe cha katikati huna hata kimoja. Mayai 37 yalianza kukua, 34 yakafika mwisho, na kati ya hayo 26 yakakwama mlangoni. Stima haiui hivyo. Kukatika kwa stima mara mbili kungekuachia maiti za umri wa siku zile ilipopotea. Vifo vya siku ya mwisho, pamoja na ute unaonata na matumbo yaliyovimba kwa wale waliotoka, ni alama ya unyevu uliozidi.

Ganda la yai lina vitundu vidogo kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho. Tangu siku ya kwanza maji hutoka kupitia humo kama mvuke, na hewa huingia kuchukua nafasi yake upande ule butu wa yai. Katika siku 18 za mwanzo yai la kuku hutakiwa kupoteza kama asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kwa njia hiyo. Likipoteza kiasi hicho, chumba cha hewa hukua hadi kikakaribia theluthi ya yai. Siku ya 19 au ya 20 kifaranga hutoboa utando kwa mdomo na kuvuta pumzi yake ya kwanza mle chumbani, kabla hata hajaligusa ganda. Sasa yai lisipopoteza maji, chumba hubaki kidogo, kifaranga mwenyewe amevimba, hana nafasi ya kujigeuza, na akitoboa utando hukutana na majimaji badala ya hewa. Ndiyo maana ukawakuta wazima wa umbo, manyoya tele, na roho hamna.

Kwa nini mwenzako wa Nairobi ajaze mifereji ile ile na apate vifaranga? Kwa sababu ya hewa inayoingia mashineni. Hewa ikipashwa moto bila kuongezwa maji, unyevu wake hushuka kwa kipimo cha asilimia. Chukua hewa ya kawaida ya kwetu, nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Ikifika nyuzi 37.5 ndani ya mashine, kipimo kitasoma kama asilimia 47, na mfereji hujautia hata tone. Chukua hewa ya Nairobi ya nyuzi 20 na asilimia 60, ipashe vivyo hivyo, itashuka hadi kama 22. Kiwango kinachotakiwa kwa siku 18 za mwanzo ni baina ya asilimia 45 na 55. Mtu wa bara asipotia maji, mayai yake yatakauka. Wewe unalipata pato hilo bure kutoka baharini, kisha ukaliongezea mifereji miwili juu yake. Sitashangaa ikiwa mashine yako ilikaa kwenye 65 siku zote.

Kwa hiyo mayai yajayo uyaweke na mifereji mikavu, kuanzia siku ya kwanza hadi ya 18. Najua inatisha, na aliyekuuzia atakwambia unayakaanga. Mwache aseme. Tia maji mfereji mmoja tu pale kipimo kitakaposhuka chini ya 40 na kubaki huko, jambo ambalo kwetu linaweza kutokea Julai na Agosti, Kusi ikivuma na usiku ukiwa na baridi kidogo. Hali nyingine ya kutia maji ni ukiiweka mashine kwenye chumba cha kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi huikausha hewa, na humo utakuwa umehamia Nairobi bila kupanda gari moshi.

Ila kipimo chenyewe hukiamini vipi? Vipimaunyevu vinavyokuja na mashine hizi za bei nafuu hudanganya sana, na kukosea kwa asilimia kumi si ajabu. Kukipima hakugharimu kitu. Tia chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji kidogo iwe tope zito, isiyeyuke yote. Kiweke kizibo hicho pamoja na kipimaunyevu ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha ndani, funga kifuniko barabara, uliache ndani ya nyumba usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na tope la chumvi hutulia kwenye asilimia 75 hivi. Kipimo kikisoma 82, kinazidisha 7, na utayatoa kila mara usomapo. (Ndiyo sababu pia chumvi ya jikoni kwako hulowa na kugandamana kikoponi: hewa ikipita 75, chumvi huanza kunywa maji yake.) Kama kipimo cha mashine yako hakichomoki, nunua kidogo cha pembeni, ukijaribu kwanza, kisha ukiweke ndani palipo na mayai.

Mimi mwenyewe, hata hivyo, huiamini mizani kuliko kipimo chochote cha unyevu. Mizani ya jikoni ya dijitali yatosha. Chagua mayai kumi, yatie alama ya penseli, uyapime pamoja kabla hayajaingia. Tuseme ni gramu 500. Baada ya siku 6 yapime tena: yanatakiwa yawe kama 480. Siku ya 12, kama 460. Siku ya 18, kama 440. Yakiwa 490 siku ya 6, bado ni mabichi mno. Toa maji kama yapo, fungua tundu la hewa zaidi. Yakiwa 470, yanakauka haraka, mpe mfereji mmoja maji. Una siku 12 nzima za kurekebisha, na ndio uzuri wa mizani: yakuonya mapema, wakati vifaranga wangali hai. Kupima huku hakudhuru, dakika chache nje ya mashine si kitu. Koo mwenyewe huinuka kila siku kwenda kula na kunywa, na kiota kikabaki wazi.

Joto lako halina kosa kubwa. Nyuzi 37.8 kwa mashine yenye feni iko juu kidogo. Rudi kwenye 37.5. Ilinganishe na kipimajoto cha homa cha dijitali, ambacho kimetengenezwa kwa nyuzi hizo hizo na hukosea kidogo sana. Wenye mashine isiyo na feni wao hupima usawa wa juu ya mayai, na hapo huhitaji kama 38.5, maana joto lote hupanda juu.

Tuje kwenye yale 11 matupu, ambayo ni habari nyingine kabisa. Huenda mengine hayakuwa na mbegu. Majirani wa mitaa yetu hufuga tembe wawili watatu uani bila jimbi, au jimbi mmoja anayehudumia mtaa mzima. Hesabu nzuri ni jimbi mmoja kwa tembe wanane hadi kumi. Trei za dukani hazifai kabisa, kuku wale wa mayai hufugwa bila jimbi. Lakini mimi nalishuku zaidi kabati lako la jikoni. Mbegu iliyomo ndani ya yai haisubiri mashine. Joto likipita nyuzi 20 au 21 huanza kukua polepole, kwa kusitasita, na ikikaa hivyo siku nyingi hudhoofu ikafa. Ukilivunja yai kama hilo baada ya wiki tatu huwezi kulitenga kwa macho na lile lisilo na mbegu. Chumba cha Mombasa huwa juu ya nyuzi hizo karibu mwaka mzima, na jikoni ndiko kubaya zaidi. Vitabu husema mayai hukaa wiki moja. Husema hivyo wakikusudia mahali penye nyuzi 13 hadi 18. Kwetu, yakiwa yamewekwa chumbani tu, usipitishe siku tatu au nne.

Nafuu ipo. Sanduku la kuwekea vinywaji baridi, lenye chupa moja ya maji iliyoganda na kufungwa taulo, ikibadilishwa asubuhi na jioni, hukaa vizuri kwenye nyuzi 16 au 17 ukiliangalia. Friji ya nyumbani ni baridi mno. Mtungi, ambao watu wa bara husifu, kwetu hautoshi: hupoa kwa maji yake kukauka ubavuni, na hewa ya hapa imeshiba maji tayari. Ncha kali ielekee chini, na mayai yaliyoletwa kwa bodaboda au yaliyovuka feri ya Likoni yatulie usiku mmoja kabla ya kuingia mashineni. Yenye kinyesi kingi yaache. Usiyaoshe kwa maji baridi, yai la moto likioshwa kwa maji baridi hunywa uchafu kupitia vile vitundu. Kama unaona trei haitajaa kwa siku nne, weka mayai 20. Nafasi tupu haina hasara.

Stima sasa, maana itapotea tena. Saa mbili tatu za kiza haziui vifaranga wa wiki ya kwanza. Hupoa, hukawia, kisha huendelea. Usifungue kifuniko, funika mashine kwa blanketi ukiacha matundu wazi. Ikizidi hapo, zungushia chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, kwa nje. Wiki ya mwisho ni kinyume: vifaranga wakubwa hutoa joto lao wenyewe, na wanahitaji hewa kuliko joto. Blanketi zito lililoziba matundu katika siku ya 19 laweza kuua waliokuwa wazima. Kumbuka pia kwamba kupoa huchelewesha, lakini joto kuzidi huua. Mashine yako ina kipasha joto, haina cha kupooza. Ikiwa imewekwa chumba cha mabati mwezi wa Februari au Machi, na adhuhuri chumba chenyewe kimefika nyuzi 36, mashine itazima kipasha joto chake na mayai yatapanda tu. Tafuta chumba cha chini, kisichopigwa na jua la alasiri. Wenye nyumba za mawe za Mji wa Kale wana bahati, kuta nene zile hushika joto moja usiku na mchana.

Pima mayai kwa tochi kwenye giza siku ya 7: mishipa mithili ya buibui ni uhai, duara jekundu ni kifo, weupe mtupu ni yai la kutoa. Rudia siku ya 14. Yanayonuka toa mara moja, kwa upole. Yai viza likipasuka ndani ya mashine yenye joto utajuta, na vijidudu vyake huingia kwa wenzake.

Siku ya 18 mambo hugeuka. Zima kigeuzi, laza mayai, na sasa ndipo ujaze mifereji yote miwili, maji ya uvuguvugu, hadi kipimo kisome 65 au 70. Unyevu uliokuwa adui ndio unaotakiwa siku hizi tatu, ili utando usikauke ukamnata kifaranga wakati anajizungusha akikata ganda. Tumia maji ya mvua au maji matamu. Maji ya kisima cha chumvi, ambayo wengi wetu Kisauni na Likoni ndiyo tuliyo nayo, huacha chumvi kwenye mifereji na kula vyuma na nyaya. Fungua matundu ya hewa. Kisha ondoa mikono. Kutoka tundu la kwanza la ganda hadi kifaranga atoke huweza kuchukua saa 12 hadi 24, na anapumzika katikati kwa sababu bado anavuta kiini na damu iliyobaki kwenye utando. Ukimsaidia mapema utamtoa damu. Ukifungua kifuniko kila dakika uone, unyevu wote hutoka na waliotoboa hukwama. Waliokwisha kutoka waache humo hadi wakauke. Kiini walichokivuta tumboni chawalisha hata siku tatu, ingawa mimi huwatoa ndani ya siku moja.

Na sisimizi! Hakuna kitabu cha mashine kinachowataja. Harufu ya yai lililotobolewa huwaita kutoka ua wa tatu, na wakiingia hula kifaranga angali na kichwa tu nje. Miguu ya meza iwe ndani ya vikopo vya maji yenye mafuta kidogo juu, na waya wa stima usiguse ukuta chini. Wakishatoka nje ya mashine adui ni kunguru, huyo wamjua mwenyewe, kwa hiyo tundu la vifaranga liwe na wavu hadi juu. Joto lao wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35. Mchana wa Mombasa waweza kutosha kwa taa ndogo tu, na makaa ya jiko ndani ya chumba kilichofungwa usiyajaribu kabisa. Wakijikusanya chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wakihema wana joto. Chanjo ya kideri na ya gumboro zungumza na daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo kabla hawajatoka, maana chanjo huuzwa kwa chupa za vifaranga wengi na heri ushirikiane na jirani.

Kuhusu bata: inawezekana, sikushauri. Mayai ya kuku ni siku 21. Bata wa kawaida ni 28, na wale wenye nyama nyekundu usoni, ambao ndio wengi mitaani kwetu, ni 35. Ili watoke pamoja ungeyaweka ya bata hao wiki mbili kabla ya kuku, na ukikosea siku moja, wale wanaohitaji ukavu watakuwa ndani ya unyevu wa wale wanaotoka. Kwa mashine ya mayai 48, yenye hewa moja na kipimo kimoja, maliza kwanza kuku. Mayai ya bata mpe bata mwenyewe ayalalie. Hana kipimaunyevu na hukosea mara chache kuliko sisi.